Nepia ibaki mbichi mwezi wa pili: mbolea ya nitrojeni na joto la Malindi

Mwezi wa pili, saa saba mchana, vua viatu uingie shambani. Hapa Ganda, nyuma ya mji wa Malindi, mchanga ulio wazi huchoma unyayo mpaka ukakimbilia kivuli. Sasa sogea katikati ya mistari ya nepia, ile nyasi ndefu ya kulisha ng'ombe, iliyoshiba, pale majani yalipofunika ardhi, ukanyage tena. Pana baridi. Kila mwaka mimi huanza kulikagua shamba langu kwa unyayo namna hiyo, maana mizizi ya nepia iko pale pale unapokanyaga, nayo haina pa kukimbilia.

Nina ng'ombe wawili wa maziwa na mtamba mmoja. Nepia yangu ni eka moja, nimeigawa vipande vinne vya robo eka ili nikate kimoja huku vingine vikichipua. Mwezi wa kwanza uliopita mtoto wa kaka yangu alikuja akasimama penye ua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Shangazi, mbona majani yako bado mabichi? Mimi nimetia mfuko mzima wa mbolea ya yurea wiki iliyopita na yangu yamekauka."

Nikamwambia ndiyo maana yamekauka. Nilikaa naye chini ya mkorosho mpaka alasiri nikimweleza, na niliyomweleza ndiyo haya.

Joto linaumiza vipi

Joto la hewa peke yake halitoshi kuiua nepia ya Malindi. Kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba hadi Machi, mchana hufika nyuzi 32 hivi, na nepia ni nyasi ya nchi za joto. Kati ya nyuzi 30 na 35 hufanya kazi vizuri mno, maadamu ina maji na chakula. Inayoitesa ni mambo matatu yanayokuja pamoja: upepo mkavu, mchanga unaopata moto kuliko hewa, na usiku usiopoa. Usiku wetu wa mwezi wa tatu hushuka hadi nyuzi 25 tu. Mmea hupumua usiku kama sisi, na usiku ukiwa na joto hutumia sukari nyingi zaidi kati ya ile uliyoitengeneza mchana. Ukiamka una akiba ndogo, jua linaupiga tena.

Nitrojeni inaingia hapa. Rangi ya kijani ya jani imejengwa kwa nitrojeni. Kimeng'enya kinachokamata hewa ya kaboni ili jani litengeneze sukari nacho ni protini, na hakuna protini bila nitrojeni. Joto likizidi, protini hizo huharibika, na jani hulazimika kuunda nyingine badala yake, pamoja na protini maalumu za kuzilinda zilizobaki. Mmea ulioshiba una vya kuundia. Mmea wenye njaa hauna pa kuvitoa ila kwenye majani yake ya chini: huyavunja na kuvipeleka kwa machanga ya juu. Ndiyo sababu njano huanzia chini. Na jani la chini likishakufa, mchanga unabaki wazi, mizizi ya juu inapikika, mmea unashindwa kuvuta hata maji yaliyopo. Wiki tatu za hali hiyo zinatosha kuacha mabua matupu.

Kuna na jasho. Mtungi wa udongo hupooza maji kwa sababu unatoka jasho, ukiupaka rangi ya mafuta maji hayapoi. Jani ni vivyo hivyo, hujipooza kwa kutoa mvuke kupitia matundu yake madogo. Shina lililolishwa vizuri mapema huwa na mizizi iliyoenda mbali, kwa hiyo lina maji ya kutolea jasho. Nasema mapema kwa makusudi. Mbolea inayokuja wakati kiu imeshaingia haijengi mizizi. Inasukuma majani, na majani mapya yanadai maji ambayo hayapo.

Watu wa viwanja vya gofu Marekani wanalijua jambo hili kwa upande wao. Wao wana nyasi za baridi, zinazostawi kati ya nyuzi 15 na 24, kwa hiyo joto ambalo nepia inalifurahia linazichoma zile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers wameshughulika nalo miaka mingi, na wameona kwamba nitrojeni huchelewesha majani kuchakaa na kupoteza kijani joto linapobana. Lakini hata watunza viwanja hao, kiangazi kikiwa kikali, huitoa kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji kwa kijiko. Nyasi zao si zetu, ila kijiko hicho tunaweza kukiazima.

Si kila njano ni njaa ya nitrojeni

Kabla hujafungua mkoba, chuchumaa uangalie. Njaa ya nitrojeni huanza kwenye majani ya chini, yaliyokomaa. Njano huanzia nchani na kushuka katikati ya jani kwenye uti, ikichora herufi V.

Majani yakijikunja kama sigara saa nne asubuhi na rangi ikiwa ya kijivu kijivu, hiyo ni kiu. Usitie kitu hapo ila maji.

Na ikiwa majani machanga ya juu ndiyo yaliyopauka, mishipa ikiwa kijani na katikati yake njano, hapo unaangalia upungufu wa madini ya chuma. Sisi tunaolima juu ya mawe ya matumbawe tunaupata sana, kwa sababu udongo wa chokaa hufunga madini hayo mmea usiyafikie. Ukitia yurea hapo unatupa pesa. Samadi iliyooza vizuri husaidia polepole, na kwa haraka unaweza kupuliza salfeti ya chuma, gramu 100 katika bomba la kupulizia la lita 20, jioni.

Lini

Kazi kubwa inafanyika kabla ya joto. Mvua za vuli zikishashika, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, nakata kipande na kukilisha siku zile zile udongo ukiwa umelowa. Baada ya wiki tatu nne nakilisha tena. Mwanzoni mwa Disemba, kama bado nikichimba kiganja kimoja nakuta unyevu, nalisha mara ya mwisho. Hapo nepia inaingia kaskazi ikiwa na majani yaliyofunika ardhi na mizizi iliyoteremka.

Januari hadi Machi silishi shamba zima. Nakichagua kile ninachoweza kukinywesha, na kwangu mimi ni mistari minne iliyo karibu na kisima. Mingine naiachia mabua marefu na matandazo, inasinzia, haifi.

Hili ndilo gumu kulikubali. Mtu anaona shamba lake limepauka, anaona mfuko uko stoo, mkono unamwasha. Auzuie. Nitrojeni haiwezi kufanya kazi ya maji.

Kiasi gani

Mbolea za nitrojeni za dukani ni CAN na yurea: mfuko wa CAN una nitrojeni asilimia 26, yurea asilimia 46. Kwenye mchanga wetu, ambao hauzuii kitu, sipendi kuzidisha gramu 2 za nitrojeni kwa mita mraba moja kwa mara moja. Robo eka ni kama mita mraba 1,000, kwa hiyo nahitaji kilo 2 za nitrojeni: hizo ni kilo 8 za CAN, au kilo 4 na nusu za yurea. Mfuko wa kilo 50 wa CAN hunitosha mara sita kwa kipande kimoja.

Mwanangu yule alikuwa ametia kilo 50 za yurea kwenye robo eka. Tulipiga hesabu kwa kijiti mchangani: kilo 23 za nitrojeni, zaidi ya mara kumi ya zangu, juu ya udongo mkavu. Mbolea hizi ni chumvi. Zikiwa nyingi na maji kidogo, hunyonya maji kutoka kwenye mzizi badala ya mzizi kuyavuta. Ndiyo maana ncha za majani yake zilikuwa za kahawia, kana kwamba zimepitishwa motoni.

Kwa mkono ni hivi. Nepia yangu iko mita moja mstari kwa mstari na nusu mita shina kwa shina, yaani mashina mawili kwa mita mraba. Kila shina linapata gramu 4 za CAN, ambayo ni kifuniko cha soda kisichojaa hadi ukingoni. Ukitumia yurea, nusu kifuniko. Kwenye ile mistari minne ya kiangazi nakata kipimo nusu tena, natia kila baada ya wiki nne.

Kama kisima chako kiko karibu na bahari, onja maji kwanza. Kaskazi ikizidi, visima vingi vya pwani huanza kuwa na chumvi, na ukijumlisha chumvi ya maji na chumvi ya mbolea umeionea nepia mara mbili. Maji yakikolea ulimini, acha mbolea ya dukani mpaka mvua ije.

Namna ya kuitia

Mwaka wangu wa pili wa ufugaji nilitupa yurea juu juu kama mtu anayewamwagia kuku mtama, saa sita mchana, mchanga una unyevu kidogo wa juu na mvua hakuna. Siku mbili tatu baadaye, jioni niliporudi kukata majani ya usiku, nikasikia harufu ile kali ya mkojo wa ng'ombe kwenye banda lililofungwa. Nilidhani ni banda kweli. Ilikuwa yurea yangu inapaa. Yurea ikilala juu ya udongo hugeuka kuwa amonia, na udongo ukiwa wa chokaa na wa moto, amonia huenda na upepo. Pesa ya maziwa ya wiki mbili niliisikia puani.

Tangu siku ile mbolea haikai juu. Nachora mfereji mdogo kwa ncha ya jembe kuzunguka shina, upana wa kiganja kutoka kwenye mabua, kina cha vidole viwili. Natia kifuniko changu, nafukia, namwagilia hapo hapo. Naanza saa kumi jioni jua likiwa limelegea. Kama ninategemea mvua, nangoja nione mawingu ya kweli kutoka baharini, na bado nafukia.

Maji: kila shina lita 5, si chini, ili mbolea iteremke kwenye mizizi. Mstari wangu una mashina 25, kwa hiyo madumu sita na robo ya lita 20, na mistari minne ni madumu ishirini na tano. Kazi hiyo tunaifanya watu wawili na mkokoteni mmoja, tunamaliza kabla ya magharibi. Usiponywesha siku hiyo ya mbolea, ni heri hujatia.

Nakuomba usichanganye jivu na mbolea ya dukani. Watu wengi hapa wana mazoea hayo, jivu la jikoni ndoo moja na CAN au yurea kisha wanakoroga. Jivu ni kali kama chokaa, linaisukuma amonia itoke hewani mbele ya macho yako. Jivu ni zuri, lina potasiamu inayousaidia mmea kuyasimamia maji yake, lakini litie wiki mbili kabla au wiki mbili baada.

Asiye na pesa ya mfuko

Ng'ombe ni kiwanda cha nitrojeni. Nusu ya mbolea yangu inatoka bandani. Sakafu ina mteremko, mkojo unaingia pipani pamoja na mavi. Ndoo moja ya mavi kwa ndoo mbili za maji, nafunika, nakoroga kila siku mbili, wiki mbili zikipita naongeza maji kiasi kile kile na kumwaga kwenye mfereji, kisha nafukia. Pipa liwe kivulini na lifunikwe, la sivyo amonia inaondoka kama ile yurea yangu.

Kwa anayepanda upya, mashimo ya tumbukiza yanashinda mistari kwenye mchanga wetu. Chimba shimo la sentimita 60 upana na 60 kina. Changanya debe moja la samadi na madebe mawili ya udongo wa juu, jaza, uache sentimita 15 tupu kwa juu maji yakusanyike. Panda vipande vitano hadi kumi. Samadi ile chini inatoa nitrojeni polepole na inashika maji ambayo mchanga ungeyaachia. Nina mashimo arobaini, na mwezi wa tatu nayatambua kwa mbali kwa rangi.

Kati ya mistari natandaza mabaki ya mabua na makumbi ya nazi. Na pembeni nina mlusina na klitoria inayopanda juu ya nepia. Zote mbili ni jamii ya kunde, mizizi yake hukamata nitrojeni ya hewani, na ng'ombe akipata fungu lake la majani hayo maziwa yanajibu.

Ukikata wakati wa joto, acha kisiki kirefu zaidi ya kawaida. Masika nakata kimo cha kiganja. Kaskazi naacha viganja viwili, ili kisiki kiwe na akiba ya sukari ya kuchipulia na kivuli cha mguu wake.

Ng'ombe asije akafa kwa majani mabichi

Hapa nisome taratibu, tafadhali.

Mmea unavuta nitrojeni kama naitreti, kisha jua na maji huusaidia kuigeuza protini. Ukiwa na kiu, mmea unashindwa kuigeuza, naitreti inajikusanya, hasa chini ya bua. Mvua ya kwanza ikianguka baada ya kiangazi, mizizi huvuta nyingi kwa mkupuo. Majani yanakuwa ya kijani kibichi mno, yanavutia, na yana sumu. Tumboni mwa ng'ombe naitreti hugeuka naitraiti, ambayo huifunga damu isibebe hewa.

Mtamba wangu wa kwanza nilimpa majani ya namna hiyo, siku ya nne baada ya mvua, asubuhi akiwa na njaa. Haikupita muda mrefu, akawa anahema, miguu inatetemeka, ufizi umegeuka rangi ya udongo. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, akamchoma dawa ya buluu mshipani. Alipona. Lakini nilikaa naye usiku kucha bandani na sitaki mwingine akae hivyo.

Kwa hiyo: shamba lililotiwa nitrojeni kisha likapigwa na kiu, usilikate ovyo. Mvua ikirudi, ngoja wiki mbili ikue. Kata juu, uache ile sehemu ya chini ya bua. Changanya na mabua makavu ya mahindi ambayo hayakutiwa mbolea nyingi, mpe kidogo kidogo, wala usimpe akiwa na njaa ya usiku. Kuyaanika majani hakuondoi naitreti, inabaki ndani ya majani makavu vile vile. Ukiona kuhema na ufizi wa kahawia, ondoa majani na piga simu kwa daktari saa hiyo hiyo.

Yurea yenyewe ni sumu kwa mnyama akiilamba. Mfuko ukae juu, stoo ifungwe, na ndoo uliyoyeyushia yurea isije ikatumika kunyweshea mbuzi hata ukiiosha vipi.

Kwa wenye bustani ya nyasi

Wanaotunza nyasi za nyumba za wageni Malindi na Watamu mambo yao ni mepesi zaidi, kwa sababu maji ya bomba wanayo na hakuna ng'ombe anayekula. Kipimo ni kile kile, gramu 2 za nitrojeni kwa mita mraba, au wapulizie majani yurea gramu 100 kwa bomba la kupulizia la lita 20, alfajiri au jioni, jua likiwa halipo. Wasinyoe fupi. Nyasi ndefu kidogo ndiyo mwavuli wa mizizi yake, na bustani nyingi ninazoziona zimeungua Januari ziliunguzwa na mashine ya kukatia.

Mvua za mwaka zikianza

Aprili mvua za kwanza usizikimbilie na mbolea. Acha zinyeshe mara mbili tatu mpaka ukichimba kiganja kizima pawe pamelowa. Halafu tia kile kipimo kidogo, ufukie. Mei mvua ni kubwa na mchanga wetu unapitisha naitreti kwenda chini kama chujio, kwa hiyo igawe: kifuniko kimoja sasa, kingine baada ya wiki tatu, hata kama mawingu yanakushawishi utie vyote. Mwanangu ameshaanza na mistari miwili ya majaribio, na kifuniko chake cha soda amekifunga kwa kamba kwenye mpini wa jembe ili asisahau kupima.